Mlango wa Kwanza wa Lalamiko

Ngumi ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayu. Huko riziki hutoka baharini. Mvuvi aliyeibiwa nyavu, au aliyedhulumiwa na mtumishi wa serikali, hana budi kupanda chombo na kuacha siku nzima ya kazi ili aifikie ofisi. Akirudishwa bila ya kusikilizwa, aghalabu haji tena.

Kuna na tatizo la lugha. Katiba ya Muda ya Somalia ya mwaka 2012 imeweka Kisomali kuwa lugha rasmi, na Kiarabu kuwa ya pili. Mbajuni husema Kibajuni. Katiba hiyo hiyo inampa raia haki ya kwenda mahakamani, na inataja ofisi ya kupokea malalamiko ya wananchi juu ya watendaji wa serikali. Lakini haki iliyoandikwa haimfai mtu asiyefahamika mlangoni.

Jambo hili si jipya katika Afrika Mashariki. Mwaka 1966 Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Makamishna wake walitembelea mikoa na kuwasikiliza wananchi huko huko waliko. Mwaka 2001 kazi hiyo iliwekewa sheria ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Nako Lamu, Kenya, wanakokaa Wabajuni wengi, wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2012 juu ya ujenzi wa bandari mpya. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi 1,760,000,000. Uamuzi ulichukua miaka sita, na malipo yakakawia zaidi. Mwenye kulalamika awe na subira, na karatasi zake azitunze.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na lalamiko, fanya hivi. Eleza jambo moja kwa wakati mmoja: lilitokea lini, wapi, nani alihusika na nani aliona. Ikiwa ni chombo, taja rangi yake na alama zake. Sema wazi unataka nini: urejeshewe mali, ulipwe, au ulindwe. Asiyejua kuandika amwombe mtu anayemwamini amwandikie, kisha asomewe kabla ya kutia dole gumba. Weka nakala nyumbani, na uulize namba ya taarifa yako. Usipojibiwa, panda kwa mkubwa wa ofisi hiyo ukiwa na nakala mkononi. Wala usione haya, kwani mficha uchi hazai.

Nawe askari uliyeko zamu, ujue kwamba wewe ndiwe mlango wa kwanza. Mpe kiti mzee aliyetoka kisiwani. Ukiwa hufahamu lugha yake, mtafute wa kukufasiria, lakini asiwe jamaa wa mshitakiwa. Andika aliyosema yeye, si uliyoyadhani. Kama shauri si la ofisi yako, mwonyeshe linakostahili kwenda, wala usimwambie tu "njoo kesho". Kesho yako ni siku nyingine ya uvuvi iliyompotea.

Askari naye ana mke na watoto. Huenda siku moja wao ndio watakaosimama mbele ya meza ya mtu mwingine, barua mkononi, wakingoja kusikilizwa.