Dereva Anaposimamishwa na Askari

Njia itokayo Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, kwenda Iringa hupita katikati ya hifadhi ya Mikumi, na humo mwendo wa mchana usizidi kilomita 70 kwa saa. Askari akikupungia mkono, simama kando, mwamkie kwa adabu, umwonyeshe leseni. Ukiwa umekosa, kiri. Kama hukukosa, eleza kwa upole, na kujitetea mahakamani ni haki yako. Faini hulipwa Serikalini kwa namba ya malipo, wala si kwa noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Sheria ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji rushwa na mpokeaji, na Mtume (S.A.W.) amewalaani wote wawili. Mwanao aliyeketi nyuma anakutazama: usimfunze haramu.