Panya shamba: Mharibifu wa ghala anayegeuka lishe ya nyoka wa kufugwa

MKULIMA wa Shinyalu, katika Kaunti ya Kakamega, hahitaji kuelezwa panya shamba ni nani. Ndiye afukuaye mbegu za mahindi kabla hazijachipua, na ndiye atoboaye magunia ghalani baada ya mavuno. Tangu jadi, jibu la mkulima kwa mharibifu huyu limekuwa mtego, paka au sumu.

Hata hivyo, katika nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wanaomfuga panya huyu kwa hiari yao, wakamlisha, wakamzalisha na hata kumuuza. Wateja wao ni watu wanaofuga nyoka majumbani. Hapa nchini nyoka hufugwa zaidi katika bustani za maonyesho na vituo vya utafiti, nao pia lazima wale. Je, kijana anayeishi kando ya Msitu wa Kakamega anaweza kupata riziki kutokana na kiumbe aliyezoea kumpiga kwa fimbo? Jibu linahitaji kumfahamu panya mwenyewe, nyoka anayemla, na sheria inayowalinda wote wawili.

Panya mwenye chuchu nyingi

Panya shamba hujulikana kitaalamu kama Mastomys natalensis. Jina hilo la kwanza limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya titi na panya, kwa sababu jike ana jozi nane hadi 12 za chuchu, idadi inayowapita panya wengine wengi. Manyoya yake ni mororo, rangi yake ni ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, na uzito wa aliyekomaa aghalabu huwa kati ya gramu 40 na 80. Ni mkubwa kuliko panya mdogo wa nyumbani, lakini ni mdogo kuliko buku wa mitaroni.

Chuchu hizo si pambo. Mimba ya jike huchukua takriban siku 23, naye huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mvua nzuri zikifuatwa na chakula tele, panya hawa hufurika mashambani kana kwamba wameota kutoka ardhini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro, Tanzania, wamemchunguza panya huyu kwa miongo kadhaa kutokana na hasara anayowasababishia wakulima wa mahindi.

Si jambo geni kumfuga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, wataalamu wa Afrika Kusini walianza kuwaweka panya wa jamii hii katika maabara kwa ajili ya utafiti wa tauni. Wafugaji wa nyoka walifuata baadaye, baada ya kutambua kwamba panya huyu ni miongoni mwa mawindo ya asili ya chatu mdogo wa Afrika aitwaye Python regius, ambaye hujikunja kama mpira anapotishwa na ambaye hupatikana kuanzia Senegal hadi Uganda. Wafugaji wengi husimulia kwamba chatu aliyesusia panya weupe wa maabara kwa majuma mengi hubadili nia mara tu anaponusa panya shamba.

Jinsi ya kumtunza

Panya shamba huishi kwa ujamaa. Wafugaji huweka dume mmoja na majike watatu au zaidi katika kizimba kimoja, na majike hao husaidiana kunyonyesha watoto. Muhimu ni kuwakutanisha wangali wadogo, karibu majuma matano baada ya kuzaliwa. Panya mgeni akitiwa miongoni mwa waliokwisha kuzoeana, hushambuliwa na hata kuuawa.

Kizimba kiwe cha kioo au cha bati na wavu wa chuma wenye matundu madogo sana. Mbao na plastiki hutafunwa kwa usiku mmoja tu. Kifuniko kifungwe barabara, kwani panya huyu ni hodari wa kuruka na kutoroka. Chini hutandazwa maranda makavu ya mbao au nyasi kavu, na ndani huwekwa kigae au kijumba cha kujificha. Matandiko hubadilishwa kila juma. Jambo moja linalowavutia wafugaji ni kwamba harufu ya panya huyu ni hafifu kuliko ya panya wengine wafugwao.

Chakula chake hakina gharama kubwa: mahindi, mtama, ngano na mboga kidogo. Kwa jike anayenyonyesha, huongezwa chakula chenye protini kama vile omena waliosagwa. Maji safi yasikosekane hata kwa siku moja, kwani mama mwenye kiu au njaa huweza kuwala watoto wake.

Watoto huzaliwa bila manyoya, wakiwa na uzito wa takriban gramu mbili. Hufumbua macho baada ya kama majuma mawili, na huachishwa kunyonya wakiwa na majuma matatu au manne. Mfugaji asimshike panya huyu kwa mikono mitupu. Hata akizaliwa kizimbani, huwa mwepesi wa kuuma kuliko panya weupe, hasa anapolinda watoto.

Hesabu yake ni rahisi. Majike watatu wakizaa watoto 10 kila mmoja, mfugaji atakuwa na watoto 30 kwa mkupuo. Akiondoa watakaokufa na wale wa kuendeleza kizazi, huenda akabaki na 20. Nyoka wa umbo la kati, anayekula panya mmoja kwa juma, huhitaji wanne kwa mwezi. Kizimba kimoja basi hutosha kulisha nyoka watano hivi.

Kumlisha nyoka

Kanuni ya wafugaji ni kwamba windo lisipite unene wa sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka. Nyoka wachanga hulishwa watoto wa panya, na wakubwa hulishwa waliokomaa. Wataalamu hupendelea panya aliyekwisha kufa, iwe ni mara tu baada ya kuuawa au baada ya kugandishwa kwenye jokofu na kuyeyushwa. Panya hai aliyeachwa na nyoka asiye na njaa anaweza kumng'ata na kumtia vidonda vibaya. Kuua nako kufanywe haraka, na mtu aliyefunzwa, ili mnyama asiteseke.

Wapo watakaouliza: kwa nini kufuga panya ilhali mashamba ya Shinyalu yamejaa panya wa bure? Panya wa mtegoni huja na viroboto na minyoo. Isitoshe, huenda alikwisha kula sumu kwa jirani, na sumu hiyo humwua nyoka aliyemmeza. Panya wa kizimbani hulishwa mbele ya macho ya mfugaji, na hapo ndipo ilipo thamani yake.

Hatari kwa binadamu

Usafi wa panya hawa unamhusu mfugaji mwenyewe pia. Katika Afrika Magharibi, panya shamba ndiye hifadhi kuu ya virusi vya homa ya Lassa, maradhi yaliyotambuliwa mwaka wa 1969 na kupewa jina la mji wa Lassa nchini Nigeria. Katika Afrika Mashariki, panya hao wamepatikana na virusi vya jamii hiyo, kama vile virusi vya Morogoro, ambavyo havijulikani kuwaletea watu maradhi. Lakini panya wa eneo hili wanaweza kueneza tauni na homa inayotokana na mkojo wao. Kizimba kisiwekwe jikoni wala chumba cha kulala, na anayekisafisha avae glavu na kuziba pua na mdomo.

Tahadhari hii si ya nadharia. Mwaka wa 2003, panya walioingizwa Marekani kutoka Ghana walisababisha mkurupuko wa ndui ya nyani. Nchi hiyo ilipiga marufuku uingizaji wa wanyama wote wa jamii ya panya kutoka Afrika. Kwa hivyo kijana anayeota ndoto ya kuwapakia panya wa Kakamega ndegeni kwenda kuwauza ng'ambo aiache ndoto hiyo.

Sheria na soko

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtu kumkamata nyoka msituni na kumfuga bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Panya wa porini naye ni mnyama wa asili wa nchi hii. Anayekusudia kumzalisha kwa biashara aanzie ofisi ya KWS kabla ya kununua wavu wa kizimba.

Soko la humu nchini ni dogo lakini lipo. Bustani ya Nyoka ya Nairobi, iliyo katika Makavazi ya Kitaifa, imekuwapo tangu mwaka wa 1961. Huko Watamu, kituo cha Bio-Ken kilianzishwa mwaka wa 1980 na James Ashe na mkewe Sanda. Katika mtaa wa Karen jijini Nairobi, Taasisi ya Utafiti wa Nyani ina kituo cha utafiti wa kuumwa na nyoka. Aghalabu vituo vikubwa hujizalishia lishe vyenyewe, kwa hivyo mfugaji asijaze vizimba kabla ya kupata mnunuzi.

Kwa wakazi wa Shinyalu, suala hili lina uzito kuliko biashara. Msitu wa Kakamega, ambao sehemu yake ya Isecheno imepakana na mashamba yao, ni makao ya nyoka wasioonekana kwa urahisi kwingineko nchini: kifutu wa Gaboon, kifutu mwenye pembe puani, swila wa msituni, na koboko wa Jameson. Tawi moja la koboko huyo lilipewa jina la kaimosae mwaka wa 1936, kutokana na Kaimosi iliyo karibu.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka wa 2017 liliorodhesha tatizo hili miongoni mwa maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumkamua nyoka sumu, kisha kumdunga farasi kiasi kidogo kidogo ili damu yake itoe kinga. Nyoka anayekamuliwa lazima awe hai na mwenye afya, na hawezi kuwa hivyo bila kula. Nyuma ya kila chupa ya dawa hiyo kuna vizimba vya panya ambavyo mgonjwa hatavijua kamwe.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkulima wa Shinyalu hawezi kulaumiwa kwa kumchukia nyoka, wala kwa kumchukia panya aliyemaliza mahindi yake. Lakini ajue kwamba nyoka hufuata panya. Ghala lililo safi, lililoinuliwa juu ya ardhi na kuzibwa matundu, humnyima panya chakula, na kwa njia hiyo humpa nyoka sababu ya kubaki msituni. Hatua hiyo haihitaji kibali, na kila boma linaweza kuianza leo.