Muuguzi akibisha hodi

Tarehe 12 Mei dunia inawakumbuka wauguzi. Ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Leo tumshukuru yule anayetembea juani kumfuata mgonjwa nyumbani.

Juzi nilimkuta kwa bibi mmoja jirani yetu, aliyepooza upande mmoja. Bibi alisema, “Kichwa hakiniumi tena, vidonge nimeacha.” Muuguzi hakumgombeza. Alimpima presha, akakuta 180 kwa 100. Akamweleza kwamba presha ikipanda mara nyingi haiumi, na dawa ikikatwa kiharusi kinaweza kurudi.

Kisha akamwangalia mgongo, makalio na visigino. Akamfundisha mjukuu kumgeuza bibi kila baada ya saa mbili hivi, maana mtu akilalia upande mmoja muda mrefu, damu haipiti vizuri na ngozi inatoka vidonda.

Msikilizaji, asante ya mdomo ni nzuri, lakini kuna inayomsaidia zaidi. Weka kadi na dawa pamoja. Kama dawa zimeisha au umeziacha, sema ukweli. Na mtu mmoja wa nyumbani awepo, aone na ajifunze.

Kwa bibi yetu anafika mara moja kwa wiki. Siku sita zinazobaki, muuguzi ni yule mjukuu.

Na nyumbani kwako ni nani? Tukutane kipindi kijacho.