Mpango wa kukabili majanga: Mshauri huja na kuondoka, dhamana hubaki kwa mwenye kampuni

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa Ijumaa ya Agosti 25, mwaka 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Kenya. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, jijini Nairobi, jenereta iliyotegemewa kuhudumia baadhi ya majengo ya abiria haikuwaka. Abiria walijikuta gizani kwa saa kadhaa, wakimulika njia kwa simu za mkononi. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani, na mkurugenzi mkuu wa mamlaka inayosimamia viwanja vya ndege nchini humo akaondolewa kazini.

Jenereta ilikuwepo, ila siku ilipohitajika haikufanya kazi. Pengo hilo kati ya kuwa na maandalizi na kuwa na uhakika wa maandalizi ndilo linalozifanya kampuni, benki na taasisi nyingi za Afrika Mashariki kutafuta washauri waelekezi wa kuwaandalia kile kinachoitwa mpango wa mwendelezo wa biashara. Swali linalobaki ni je, kazi hiyo inaweza kukabidhiwa kwa mtu wa nje na kiongozi wa kampuni akalala usingizi?

Mpango huo ni nini?

Kwa maelezo mepesi, ni maandalizi yanayoonyesha shughuli zipi za taasisi haziwezi kusimama, zinaweza kusimama kwa muda gani kabla ya hasara kubwa kutokea, nani ana mamlaka ya kutoa uamuzi wakati wa dharura, wafanyakazi watafanyia kazi wapi na taarifa zitapatikana kutoka wapi.

Wapo wanaodhani bima inatosha. Bima hulipa jengo lililoungua na mali iliyopotea. Haimrudishi mteja aliyehamia kwa mshindani wakati milango ilipokuwa imefungwa, wala hairejeshi vitabu vya hesabu vilivyoteketea.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana wazi Agosti 7, mwaka 1998, magaidi walipolipua balozi za Marekani katika miji ya Nairobi na Dar es Salaam. Mjini Nairobi, ambako zaidi ya watu 200 walipoteza maisha, Jumba la Ushirika lililokuwa jirani na ubalozi liliharibiwa vibaya na Benki ya Ushirika ya Kenya ikalazimika kuendesha shughuli zake kwingine. Miaka mitatu baadaye, katika shambulio la Septemba 11, 2001 mjini New York, kampuni ya fedha ya Cantor Fitzgerald ilipoteza wafanyakazi 658, lakini mfumo wake wa biashara ya hati fungani kwa njia ya kompyuta ukarejea kazini ndani ya siku mbili.

Baada ya matukio hayo kulifuata viwango rasmi. Uingereza ilitoa kiwango cha BS 25999 kati ya mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2012 kikaja kiwango cha kimataifa cha ISO 22301, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2019. Viwango hivyo ndivyo vilivyopanua soko la washauri, kwa kuwa taasisi nyingi hazina mtaalamu wa ndani anayevifahamu.

Mshauri anafanya nini hasa?

Hatua ya kwanza ni tathmini ya athari. Tuchukue mfano wa kampuni inayosambaza dawa na chanjo. Mshauri atakaa na mkuu wa ghala, mhasibu, dereva na mtunza kompyuta, kila mmoja kwa wakati wake, akiuliza: kazi yako ikisimama leo, nani ataumia na baada ya saa ngapi?

Majibu hutofautiana. Idara ya masoko inaweza kukaa wiki nzima bila ofisi. Chumba cha baridi hakina nafasi hiyo, kwani chanjo nyingi zinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Hapo ndipo hupatikana vipimo viwili vya msingi: huduma inapaswa kurejea ndani ya muda gani, na taarifa za muda gani zinaweza kupotea bila kuleta madhara makubwa. Kampuni inayonakili taarifa zake mara moja kwa siku imekubali, hata kama haijui, kupoteza kazi ya siku nzima.

Baada ya hapo mshauri hupendekeza njia za kujikinga, huandika mpango wenyewe, huwafundisha wahusika na kusimamia zoezi la majaribio.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu wa nje huona nyufa ambazo wenyeji wamezizoea. Anaweza kumuuliza mkurugenzi swali ambalo karani hathubutu kuuliza, mathalani kwa nini ufunguo wa chumba cha seva uko kwa mtu mmoja tu. Aidha, amekwisha kuona makosa ya wengine, na kwa taasisi ndogo ni nafuu kumlipa kwa miezi michache kuliko kuajiri mtaalamu wa kudumu.

Hatari zake

Hatari ya kwanza ni mpango wa kunakili. Mshauri asiye makini huchukua andiko alilomwandalia mteja wa nchi nyingine, akabadilisha jina na nembo. Andiko la namna hiyo linaweza kudhani kuwa umeme ukikatika utarudi baada ya saa chache. Wakazi wa Unguja wanajua vinginevyo. Kuanzia Mei 2008 kisiwa hicho kilikaa takriban mwezi mmoja bila umeme wa gridi, na kuanzia Desemba 10, 2009 kikakaa gizani kwa takriban miezi mitatu kutokana na hitilafu katika njia ya umeme itokayo Tanzania Bara. Hoteli na maduka yaliishi kwa jenereta. Kwa hali kama hiyo, swali la maana ni mafuta ya miezi mitatu yatatoka wapi na kwa fedha gani. Swali hilo huulizwa na mtu anayeifahamu Unguja.

Hatari ya pili ni maarifa kuondoka na mshauri. Kitabu kinene hukabidhiwa, picha hupigwa, kisha huwekwa kabatini. Baada ya mwaka, nusu ya namba za simu zilizomo ni za watu waliohama au kustaafu.

Hatari ya tatu ni mgongano wa maslahi. Mshauri ambaye pia anauza seva, jenereta au huduma ya kuhifadhi taarifa ana sababu ya kugundua kwamba mteja anahitaji bidhaa hizo. Pia anapewa siri nyingi, zikiwemo udhaifu wa mifumo na wakati mwingine taarifa za wateja, ambazo leo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa Tanzania na ile ya mwaka 2019 kwa Kenya.

Hatari ya nne ni utegemezi usioonekana. Mei 12, mwaka 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Kampuni inaweza kuwa na watoa huduma wawili wa intaneti ikajiona salama, kumbe wote wanapitia njia hizo hizo chini ya bahari.

Dhamana ni ya nani?

Kwa upande wa benki, jibu liko wazi. Misingi iliyotolewa mwaka 2006 na jukwaa la pamoja la wasimamizi wa kimataifa wa mabenki, bima na masoko ya mitaji inaanza kwa kusema kuwa mwendelezo wa biashara ni wajibu wa bodi na menejimenti ya juu. Miongozo ya Benki Kuu ya Kenya iliyoanza kutumika mwaka 2013 ina sehemu mahsusi ya mwendelezo wa biashara na nyingine ya kukabidhi kazi kwa watu wa nje. Kukabidhi kazi hakuiondolei bodi wajibu wake.

Kwa hiyo anayetaka kuajiri mshauri anapaswa kuandika hadidu za rejea zinazomlinda. Kwanza, awepo mfanyakazi wa ndani atakayefanya kazi bega kwa bega na mshauri tangu siku ya kwanza na kuumiliki mpango baada yake. Pili, malipo yagawanywe kwa hatua, na sehemu ya mwisho isitolewe hadi zoezi la majaribio lifanyike na kasoro zirekebishwe. Tatu, nyaraka zikabidhiwe katika hali inayoruhusu kampuni kuzibadilisha yenyewe. Nne, mkataba uwe na kifungu cha usiri na sharti la mshauri kutaja biashara nyingine alizonazo. Tano, mpango upitiwe upya angalau mara moja kwa mwaka na kila yanapotokea mabadiliko makubwa.

Wafanyabiashara wadogo nao hawako nje ya mjadala huu. Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoungua usiku wa Julai 10, mwaka 2021, wafanyabiashara walipoteza bidhaa. Katika moto wa aina hiyo, kumbukumbu za wadeni na wanaodai nazo huteketea pamoja na mali. Mwenye kibanda hahitaji mshauri wa gharama kubwa. Anahitaji nakala ya daftari lake nyumbani, namba za wateja na wasambazaji zilizohifadhiwa mahali pawili, sehemu ya mzigo katika stoo nyingine na makubaliano na jirani wa mtaa wa pili atakayempa meza ya kuanzia.

Kwa kampuni kubwa, kipimo cha kwanza hakihitaji mtaalamu. Kiongozi na aulize leo: jenereta yetu ilijaribiwa lini mara ya mwisho ikiwa imebeba mzigo wote, na ni nani aliyeijaribu? Asipopata tarehe na jina, basi kitabu kilichoko kabatini, hata kiwe kimeandikwa na mshauri bingwa kiasi gani, bado hakijawa mpango.