Je, Wajua? Pumzi ya Harley

Je, wajua kwamba lita moja ya petroli huhitaji lita zipatazo 9,000 za hewa ili iungue sawasawa? Kwa uzito, ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ndiyo maana wenye pikipiki za Harley-Davidson wengi wakishika spana huanza na chujio la hewa.

Injini ya Milwaukee-Eight 107, iliyozinduliwa 2016, ina silinda mbili tu, ila ujazo wake ni cc 1,746. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mafuta yamevutwa mpaka mwisho, inaweza kumeza lita 2,600 hivi za hewa katika dakika hiyo.

Je, wajua kwamba chujio jipya peke yake laweza lisikuongezee cha maana? Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Kompyuta ya Harley haipimi hewa yenyewe. Inapiga hesabu kwa shinikizo, joto na mizunguko ya injini, kisha inasoma jedwali lililopangwa kiwandani. Panua njia ya hewa bila kugusa jedwali hilo, na ukivuta mafuta kwa nguvu hewa inazidi, petroli inapungua. Ukiyaachia ghafla, ekzosi inapiga baruti. Sensa za oksijeni husaidia kwenye mwendo wa utulivu, basi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kweli ni vitu vitatu: chujio, ekzosi na programu.

Kisanduku cha chujio cha kiwandani nacho hakikubanwa kwa uzembe. Sheria ya Marekani inataka pikipiki kubwa mpya ya barabarani isizidi desibeli 80, na mvumo wa injini ikivuta hewa umo katika hesabu. Ule mngurumo mtamu baada ya kufunga chujio jipya? Mara nyingi umenunua sauti, si nguvu za farasi.

Je, wajua kwamba kwenye Harley nyingi za tangu miaka ya 1990, bolti zinazoshika chujio zina matundu? Injini hupumulia humo mvuke wa oili. Chujio lisilo na njia hiyo usilichukue hata kwa bei ya kutupa, maana oili itatafuta pa kutokea.

Chujio la pamba iliyopakwa oili, kama la kampuni ya K&N, huoshwa na kutumika tena. La karatasi hutupwa.

Programu nayo ina sheria zake. Mwaka 2016 Harley-Davidson ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12 kwa serikali ya Marekani, kwa sababu ya vifaa vya kubadili programu vilivyoongeza uchafuzi wa hewa. Na katika jimbo la California, chujio la kuongeza nguvu halifungwi kihalali kwenye pikipiki ya barabarani bila namba ya idhini.

Jambo la mwisho ni goti. Kwenye Harley nyingi chujio hukaa kulia, na yale makubwa yenye umbo la pia hujitokeza nje hasa. Panda kwanza, kunja mguu, ndipo ulipe. Ukilipenda hivyo hivyo, ulizia na soksi yake ya mvua, yaani kifuniko cha kuzuia maji.