Kubuni Miungu kwa Ajili ya Michezo ya Kuigiza Uhusika: Mipaka ya Orodha ya Miungu Inapotazamwa kutoka Kibaigwa

1.0 Utangulizi

Mchezo wa kuigiza uhusika ni mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huvaa nafsi ya mhusika mmoja, akasema na kutenda kama yeye katika ulimwengu wa kubuni, huku mwongoza mchezo akisimulia yanayotokea na dadu zikiamua matendo yenye mashaka. Ulimwengu huo huhitaji ramani, historia, watu na, mara nyingi, miungu. Makala haya yanafafanua namna miungu hiyo inavyobuniwa, na yanahoji iwapo mbinu iliyozoeleka, yaani ile ya kuorodhesha miungu kila mmoja na mamlaka yake, inafaa pale mbunifu anapotaka ulimwengu wake uchote kutoka katika nyanda za kati za Tanzania. Kibaigwa, mji wa wilaya ya Kongwa ulioko kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro na unaojulikana zaidi kwa soko lake la mahindi, umechaguliwa kuwa mahali pa kujaribia hoja. Sababu ni mbili. Mji uko ndani ya Ugogo, ambako dini ya jadi imeelezwa kwa kina na wenyeji na wageni; na maisha ya hapo yanategemea mvua ya msimu mmoja, jambo ambalo kila orodha ya miungu hudai kulimudu.

2.0 Orodha ya miungu na chimbuko lake

Fasihi ilitangulia mchezo. Mwaka 1905 Lord Dunsany alichapisha The Gods of Pegāna, kitabu kinachosimulia miungu ambayo haikuwahi kuabudiwa na mtu yeyote. Tolkien naye aliunda nguvu za kimbingu zilizoshiriki kuumba dunia yake, ingawa kitabu kilichozikusanya, The Silmarillion, kilitoka mwaka 1977 baada ya kifo chake. Katika kazi hizi miungu ni sehemu ya simulizi, na msomaji haombwi kuitumia kwa lolote.

Mchezo ulipokuja, hali ilibadilika. Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutoka mwaka 1974, ulikuwa na mhusika wa aina ya kuhani, na kuhani lazima awe na anayemtumikia. Mwaka 1976 kikatoka kijitabu cha Gods, Demi-gods & Heroes, na mwaka 1980 Deities & Demigods. Humo miungu ya Wagiriki, Wamisri, Wahindi na wengineo ilipangwa kwa mtindo mmoja: jina, eneo la mamlaka, mwelekeo wa kimaadili, na kiasi cha mapigo ambacho mungu anaweza kustahimili kabla ya kuuawa. Kipengele hiki cha mwisho kimechekwa sana, lakini hakikuwa upuuzi mtupu. Kanuni za mchezo zinataka kila kitu kiwe na kipimo, na kisicho na kipimo hakiwezi kuingia mezani. Tatizo liko kwingine: mtindo huo uliokusudiwa kurahisisha kazi uligeuka kuwa maana yenyewe ya dini. Mbunifu anayeanza leo hujiuliza kwanza nani ni mungu wa vita, nani wa bahari, nani wa mauti, kana kwamba kila jamii ya wanadamu imewahi kugawa ulimwengu kwa idara.

Palikuwapo njia nyingine tangu mwanzo. Greg Stafford, aliyeanza kuchapisha ulimwengu wake wa Glorantha mwaka 1975, aliweka uzito katika uanachama badala ya wasifu wa mungu. Katika mchezo wa RuneQuest wa 1978, na hasa katika kitabu cha Cults of Prax cha 1979, mhusika hujiunga na ibada fulani, huapishwa, hupanda daraja, hubeba miiko na hunyimwa mambo fulani. Swali la Stafford ni nani anawajibika kwa nani, na swali hilo linakaribia zaidi yale yanayojulikana Ugogo kuliko orodha yoyote.

Majaribio ya kuleta Afrika mezani hayakuepuka orodha. Nyambe, kitabu cha Chris Dolunt cha mwaka 2002, kilikusudia kwa nia njema kuonyesha bara hili lina zaidi ya misitu na wanyama. Hata hivyo kilichukua neno la Kiyoruba, orisha, kikalitumia kwa nguvu za kimungu za ulimwengu mzima wa Kiafrika wa kubuni. Wayoruba wana miungu wengi wenye majina na shughuli zinazotofautiana, kwa hiyo wanaingia katika orodha bila shida kubwa. Jamii nyingi za Afrika Mashariki haziingii, na katika kitabu cha namna hiyo hukosa mahali pa kusimama isipokuwa zikope miungu ya Magharibi mwa bara.

3.0 Miungu katika sarufi na fasihi ya Kiswahili

Mbunifu anayeandika kwa Kiswahili hukutana na kikwazo kabla hajabuni chochote. Neno Mungu katika umoja huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai: Mungu mwema, Mungu anajua. Katika wingi, matumizi yaliyoimarishwa na tafsiri za Biblia ni miungu mingine, miungu yao, yaani upatanisho wa miti na mizigo. Mtu anaweza kudhani kwamba hilo linatokana na umbo la wingi tu, lakini neno mtume lina wingi wa umbo hilohilo na bado husemwa mitume wengine, mitume wao. Tofauti basi si ya umbo. Sarufi imebeba hukumu ya kiteolojia: aliye mmoja ni nafsi, walio wengi ni vitu. Mwandishi wa mchezo anayeandika miungu wanaojadiliana amekwisha kuvunja hukumu hiyo, na msomaji wa Kiswahili atausikia mvunjiko huo hata kama hataweza kuutaja. Makala haya yatatumia maumbo yote mawili kwa kadiri ya maana: miungu ya orodha ni vitu, miungu wanaotenda ni nafsi.

Kando ya neno hilo, Kiswahili kina utajiri wa majina ya nguvu zisizoonekana: mizimu, pepo, majini, malaika, koma, mashetani. Haya hayatofautiani kwa shughuli. Hutofautiana kwa asili, kwa mahali na kwa uhusiano wao na walio hai. Mzimu una ukoo, jini ana makao, pepo ana mtu aliyempanda. Lugha yenyewe inampa mbunifu mpangilio mwingine, naye akitaka anaweza kuuacha.

Waandishi wa Kiswahili wamewahi kubuni mbingu zao. Shaaban Robert katika Kusadikika, riwaya ya mwaka 1951, aliiweka nchi nzima angani na kuwapa wahusika majina ya sifa, kama Karama na Majivuno, hata msomaji akawajua kabla hawajatenda. Euphrase Kezilahabi, katika Mzingile ya 1991, alimchora mzee mwenye dalili za muumba bila kumfanya kuwa mungu wa jambo lolote mahususi. William Mkufya, katika Ziraili na Zirani ya 1999, alijenga mbingu, ahera na kuzimu ambamo malaika, mashetani na wanadamu wanabishana na kupigana juu ya Mungu. Hakuna kati ya watatu hao aliyetumia orodha ya idara. Kila mmoja alianza na mgogoro wa kimaadili, na nguvu za kimbingu zikazaliwa kutokana na pande za mgogoro huo.

4.0 Mvua ya Kibaigwa

Tuseme mbunifu anataka nchi ya kubuni inayofanana na uwanda wa Kibaigwa: ardhi kavu, mibuyu, ng'ombe, mtama na uwele, mvua inayoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na miaka ambayo haiji. Kwa mbinu ya orodha atamwandika mungu wa mvua, atampa jina, alama ya wingu na makuhani wenye nguo nyeusi. Rangi itakuwa sahihi, kwa sababu nyeusi ni rangi ya wingu la mvua na Wagogo waliitumia katika matambiko ya mvua. Mengineyo yote yatakuwa na kasoro.

Mathias Mnyampala katika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika (1954), na Peter Rigby katika tafiti zake za miaka ya 1960, wanaonyesha picha nyingine. Yuko Mulungu, aliye mbali na asiyesumbuliwa kwa kila jambo. Wako wahenga, wanaofikiwa makaburini kwa pombe na sadaka ya mnyama. Iko nchi yenye mipaka inayojulikana, na yuko mtemi anayerithi kigoda na mawe ya mvua ya nchi hiyo. Mtemi hakuwa mfalme mwenye askari. Wajibu wake ulikuwa kuilinda hali njema ya nchi, ambayo Wagogo huieleza kwa neno mbeho, lenye maana ya upepo au baridi. Mvua inapokataa, haiulizwi kwanza mungu gani amekasirika. Huulizwa nchi imeharibikiwa na nini, nani amevunja mwiko, mtemi ametimiza wajibu wake au la, na mganga hutafutwa ili aoneshe njia. Rigby anaeleza pia matambiko ambamo, mifugo inapopatwa na maradhi, wanawake huvaa mavazi ya wanaume, hushika silaha zao, huchunga ng'ombe, kisha huicheza hali mbaya mpaka mpakani na kuitupa nje ya nchi.

Hapa kuna mali ya mchezo kuliko katika orodha yoyote. Ukame unakuwa uchunguzi. Wachezaji hawaombi nguvu kutoka juu. Wanatafuta kosa miongoni mwa watu wanaofahamiana, na kila jibu linamgusa mtu mwenye jina na ukoo. Mpaka wa nchi una uzito, kwa kuwa hali mbaya inayotupwa nje huenda ikaangukia kwa jirani. Kanuni nazo zinawezekana: badala ya kumpimia mungu mapigo, mwongoza mchezo huipimia nchi mbeho yake, ambayo hupanda na kushuka kwa matendo ya wote, wakiwamo wasioamini. Mhusika mwenye uwezo si lazima awe kuhani. Anaweza kuwa mwanamke aliyeazima mkuki wa mumewe kwa siku moja.

Faida ya pili ni ya kihistoria, na ndiyo nzito zaidi. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilipatwa na njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Mvua zilikosekana, lakini njaa haikuletwa na mbingu peke yake. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na ukame ukawakuta watu wakiwa hawana akiba. Miaka 30 baadaye, hapohapo Kongwa, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951, ambao ulishindwa mbele ya ardhi ngumu, mitambo isiyofaa na uhaba wa mvua, ukapoteza takriban pauni milioni 36. Ulimwengu wa mchezo unaochota kutoka historia hii na kumweka mungu wa njaa anayeadhibu utakuwa umewafuta wenye dhamana. Jeshi halitaonekana, litabaki wingu. Mpangilio wa mbeho hauna upungufu huo, kwa sababu unauliza daima kosa ni la nani, na jibu linaweza kuwa mgeni aliyepita na bunduki au trekta.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Huenda ikasemwa kwamba kuitumia mbeho mezani ni kuifanya hesabu, na kwamba kumpimia mungu mapigo na kuipimia nchi hali ni kosa lilelile. Pingamizi hili lina nguvu, na halijibiwi kikamilifu kwa kusema kwamba mchezo ni mchezo. Jibu lililo bora ni kwamba kipimo cha nchi hakimwezeshi mchezaji kumuua mtu anayeabudiwa. Kinamwonyesha tu kwamba matendo yake yana matokeo kwa majirani.

5.0 Majina

Suala la majina haliwezi kuachwa. Mulungu si jina la kale lililobaki vitabuni. Ni jina ambalo Wakristo wa Ugogo humwita Mungu katika Biblia ya Kigogo na katika sala zao, na Ukristo umekuwapo eneo hilo tangu wamisionari wa Church Missionary Society walipofika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Kumwandika Mulungu katika jedwali pamoja na majoka, hata kwa heshima, ni kumchukua anayeombewa Jumapili kanisani Kibaigwa. Vivyo hivyo majina ya watemi waliowahi kuishi yana wajukuu.

Njia iliyo salama na yenye ubunifu zaidi ni kuchukua mpangilio na kuacha majina. Mbinu ya Shaaban Robert ya kutumia sifa inafaa kwa nafsi za mbinguni, mradi isigeuke tena kuwa idara. Mzee wa Kezilahabi anaonyesha kwamba muumba anaweza kubaki bila kazi maalumu na bado akatawala simulizi. Kwa wahenga, mbunifu anahitaji koo kuliko miungu: nani amezikwa wapi, nani anatakiwa kupelekewa pombe, nani amesahauliwa.

Linabaki swali ambalo mpangilio wa Ugogo haukulazimika kulijibu. Mbeho ni ya nchi moja yenye mpaka. Soko la Kibaigwa hupokea mahindi yaliyolimwa katika nchi za watemi wengi, yakapakiwa kwenye malori kwenda mbali zaidi, na watu wanaouza na kununua hawashiriki kaburi hata moja. Mbunifu anayeliweka soko kama hilo katikati ya ramani yake atalazimika kuamua, mwaka ambao mvua imekataa hapo na imenyesha kwingine, nafaka iliyomo ghalani ni ya wahenga gani, na nani kati ya wanaokula ana wajibu wa kuwapelekea habari.