Samaki Jikoni Ughaibuni: Njia Nne Nyepesi kwa Anayeanza

Hebu waulize Waswahili wenzako hapa Uingereza wanakula samaki mara ngapi kwa wiki. Mmoja atakutajia chipsi na samaki wa dukani siku ya Ijumaa. Mwingine atacheka na kukwambia, "Samaki nitakula nikienda nyumbani." Inashangaza kidogo, maana wengi wetu tumetoka Mombasa, Tanga, Unguja, Mwanza, Kisumu, Kigoma, Bujumbura au Uvira, miji ambayo samaki ni chakula cha kila siku. Tukishavuka bahari tunageuka watu wa kuku na soseji.

Sababu zinazotolewa ni zile zile. Kwanza, samaki wa huku hatuwajui majina. Pili, shombo: nyumba ni ndogo, madirisha yamefungwa kwa baridi, na mnayeshiriki naye jiko analalamika. Tatu, wengi, hasa kina kaka, walikuja huku hawajawahi kupika samaki, kwani nyumbani kazi hiyo ilifanywa na mama au dada. Leo tutazijibu sababu hizo moja baada ya nyingine. Utaona kwamba samaki ni chepesi kupika kuliko nyama, na huiva upesi zaidi.

Kwa nini tujisumbue?

Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inashauri watu wale samaki angalau mara mbili kwa wiki, na mara moja kati ya hizo awe samaki wa mafuta. Mlo mmoja ni kama gramu 140 za samaki aliyepikwa. Samaki wa mafuta ni kama samoni, sadini na vibua. Mafuta yao, yaitwayo omega-3, husaidia kulinda moyo.

Jambo hili linatugusa sisi moja kwa moja. Watu wa asili ya Afrika tumo katika kundi lenye hatari kubwa zaidi ya kupata presha ya kupanda na kisukari cha aina ya pili. Samaki si dawa ya presha wala kisukari, na kama daktari amekupa vidonge endelea navyo. Lakini samaki akichukua nafasi ya soseji na kuku wa kukaanga wa dukani mara mbili kwa wiki, mwili unapata nafuu.

Kuna na suala la vitamini D. Ngozi huitengeneza vitamini hii kwa msaada wa jua, na hapa Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua halina nguvu ya kutosha. Wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi ya wengine. Samaki wa mafuta ni kati ya vyakula vichache vyenye vitamini D kwa wingi. Hata hivyo chakula peke yake mara nyingi hakitoshi, ndiyo maana sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa tufikirie kumeza kidonge cha maikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima.

Utamtambuaje dukani?

Usitishwe na majina. Yule anayeuzwa kwa jina la "mackerel" ni jamaa wa vibua wetu, na bei yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya samoni. "Cod" na "haddock" ni samaki weupe wasio na mafuta mengi, nyama yao ni laini, na huuzwa minofu mitupu bila miiba mingi, kwa hiyo wanamfaa sana anayeanza. Sato na perege utawapata wakiwa wamegandishwa katika maduka ya Waafrika na Waasia.

Ukinunua samaki mzima mbichi, mtazame macho: yawe maangavu na yametuna, si yaliyozama wala kuwa na ukungu. Matamvua yawe mekundu. Ukimbonyeza, nyama irudi. Harufu iwe ya bahari, si ya kukera. Usione haya kumwomba muuzaji akuparie magamba na kumtoa utumbo. Kwenye meza za samaki hiyo ni kazi yake na mara nyingi hatozi kitu.

Samaki wa kugandishwa naye ni mzuri. Myeyushe ndani ya friji usiku kucha, usimwache juu ya meza ya jikoni. Samaki mbichi mpike siku hiyo hiyo au kesho yake.

Njia ya kwanza: kopo la sadini

Hii ni kwa yule anayerudi kazini usiku amechoka. Kaanga kitunguu maji kimoja kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka kilainike. Tia kitunguu saumu, nyanya moja iliyokatwakatwa, nusu kijiko cha chai cha bizari na pilipili upendavyo. Nyanya zikishalainika, mimina kopo lako la sadini, acha lichemke dakika tatu, kamulia ndimu. Kula na ugali, wali au mkate. Vile vimiiba laini vya sadini wa kopo usivitupe, vina madini ya kalsiamu yanayojenga mifupa. Chagua kopo la nyanya badala ya lile la maji ya chumvi. Na kumbuka kwamba jodari wa kopo, ingawa ni chakula kizuri, hahesabiwi kuwa samaki wa mafuta.

Njia ya pili: kumfunga kwenye foili

Kama unaogopa shombo, hii ndiyo njia yako. Washa oveni nyuzi 200, au 180 kama ni ya feni. Weka mnofu wa samaki juu ya karatasi ya foili, paka chumvi kidogo, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, vipande vya nyanya na limau, na kijiko kimoja cha mafuta. Funga kama bahasha, pasiwe na tundu, kisha tia ndani. Mnofu wenye unene wa sentimita mbili na nusu huchukua dakika 15 hadi 20. Harufu inabaki ndani ya bahasha, na samaki anaiva kwa maji yake mwenyewe.

Utajuaje ameiva? Mguse kwa uma sehemu iliyo nene. Nyama iliyokuwa inang'aa kama kioo iwe imegeuka rangi mpaka katikati, na iachane vipande vipande bila kuvutwa. Hapo mtoe mara moja. Wanaoanza wengi humwacha ndani kwa kuogopa ubichi, akatoka mkavu, kisha wakasema samaki wa huku hana ladha.

Njia ya tatu: vibua kwenye kikaango

Samaki wa mafuta hahitaji kuzamishwa kwenye karai la mafuta. Mkate mistari miwili mitatu kila upande, paka chumvi kidogo, pilipili manga na ndimu, mwache dakika kumi. Kisha mkaushe vizuri kwa karatasi ya jikoni. Hapo ndipo siri ilipo, kwa sababu samaki mwenye maji hunata na kurusha mafuta. Pasha kikaango, tia kijiko kimoja cha mafuta, mlaze, halafu usimguse. Ukijaribu kumgeuza akawa ameng'ang'ania, bado hajawa tayari. Akishakauka ngozi ataachia mwenyewe. Vibua wa kadiri huchukua dakika tano hivi kila upande. Mle na kachumbari na ugali.

Kuhusu harufu: funga mlango wa jikoni, fungua dirisha, na osha kikaango mara tu mkimaliza kula. Chemsha maji yenye siki kidogo au maganda ya limau kwa dakika kumi. Vichwa na miiba vifunge kwenye mfuko na uvitoe nje usiku huo huo.

Njia ya nne: mchuzi wa nazi

Kaanga kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya na bizari mpaka viwe rojo. Tia nusu ya kopo la tui la nazi na nusu kikombe cha maji, koroga kwa moto mdogo ili tui lisikatike. Tunasema nusu kopo kwa sababu tui lina mafuta mazito, na ladha yake haipotei. Likianza kutokota ndipo utie vipande vikubwa vya samaki, dakika nane hadi kumi zinatosha. Usikoroge tena kwa mwiko, utamvunja samaki. Shika sufuria masikio yake na uitikise. Malizia kwa ndimu au ukwaju na kotimiri.

Watoto na miiba

Watoto waliozaliwa huku wengi wanamjua samaki wa vidole vya kukaanga tu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Anza kuwapa minofu isiyo na miiba kwenye mchuzi au bahasha ya foili, na kila mara pitisha vidole juu ya nyama kabla ya kumpa mtoto mdogo. Mwiba ukikwama kooni, ile desturi ya kumeza tonge kubwa la ugali iacheni, inaweza kuusukuma ukachoma zaidi. Usipotoka kwa kukohoa, nenda hospitali. Akipata shida ya kupumua, piga 999 bila kuchelewa.

Mambo ya kuangalia

Mama mjamzito, anayenyonyesha au anayetarajia kuzaa siku za mbele, pamoja na wasichana, wasizidishe milo miwili ya samaki wa mafuta kwa wiki. Wajawazito, wanaotafuta mimba na watoto wasile kabisa papa, nduaro na sulisuli, kwa sababu wana zebaki nyingi. Mjamzito pia asizidishe makopo manne ya jodari kwa wiki.

Wapenzi wa ng'onda na ndugu zetu wa Kongo wapenzi wa makayabu: chumvi iliyomo ni nyingi, na mtu mzima hatakiwi kuzidi gramu sita za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Loweka usiku kucha, badilisha maji mara kadhaa, na usiongeze chumvi wakati wa kupika. Dagaa wakavu, Wakenya mnaowaita omena na Waganda mukene, waosheni vizuri kwa maji ya moto.

Vibua na jodari wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu isiyoondolewa na moto wa jikoni. Mtu akila uso unamwiva, kichwa kinagonga na anaharisha. Kwa hiyo ukitoka sokoni nenda moja kwa moja kwenye friji, usipitie kwa rafiki kupiga soga na samaki yumo kwenye buti la gari.

Mwenye ugonjwa wa jongo aulize daktari kwanza, kwani samaki wa mafuta wanaweza kuuchochea. Na yeyote anayevimba midomo au kuwashwa mwili baada ya kula samaki aache na akaonane na daktari.

Ndugu msomaji, huna haja ya kujaribu njia zote kwa pamoja. Wiki hii nunua kopo moja la sadini na minofu miwili ya samaki mweupe: kopo la Jumanne ukirudi kazini, minofu ya foili siku ya mapumziko. Hapo tayari umetimiza mara mbili kwa wiki, mara moja ikiwa ya samaki wa mafuta, na jiko lako halijanuka. Vibua na mchuzi wa nazi vitafuata, mkono ukishazoea.